Kamera ya Kuvuta Walio Mbali

Sikutaka kamera kubwa. Nilishawaona wapiga picha wa harusi hapa Kalemie, wanaume wenye shingo nene, mashine inawaning'inia kifuani, na nyuma yao kuna mtu mwingine wa kubeba mfuko. Mimi sina mtu wa kunibebea mfuko. Nilitaka kitu cha kuingia kwenye mkoba wangu wa kanisani, kando ya miwani na kitambaa cha jasho, ili nikipanda boti ya kwenda Moba mkono mmoja ubaki wa kushikilia. Goti langu la kushoto halipendi boti. Hilo la wepesi nilimwambia kila mtu. Jambo la pili nililinyamazia: nilitaka kamera itakayonipiga mimi pamoja na wanangu wote watatu, mahali pamoja, hata mara moja tu.

Picha kama hiyo haikuwapo nyumbani kwetu. Mpiga picha alikuwa mume wangu, kwa simu yake, na kwa kuwa mshika simu haonekani, yeye hakuwamo katika picha yoyote. Mimi nilikuwa jikoni. Halafu siku moja, akishuka kutoka kwenye mtumbwi, simu ilimtoka mfukoni ikaingia ziwani na ubatizo wa wajukuu na sikukuu zetu zote. Alicheka tu. Alisema samaki nao wanapenda kuona watu.

Alipofariki, tulitafuta picha ya kuweka mbele ya waombolezaji. Tuligeuza makabati. Mwishowe kijana wetu wa kwanza alichukua kadi ya baba yake ya kupigia kura, akaenda nayo studio, wakaikuza ile picha ndogo mpaka ikawa ya ukubwa wa sinia. Uso ulikuwa wa kijivu, umetawanyika, na macho yalikuwa ya mtu aliyesimama kwenye foleni tangu asubuhi. Tuliiweka juu ya kiti, tukaizungushia maua. Nilijiambia kwamba inatosha.

Wifi yangu mkubwa, dada yake marehemu, alifika kwa treni kutoka Kabalo. Alilia kwanza, kama inavyopaswa. Kisha akasimama mbele ya kile kiti, mikono kiunoni.

“Njo nini hii? Kichwa tu? Muntu alitembea reli yote hii, munamuweka hapa bila miguu?”

Mume wangu alikuwa mkaguzi wa njia ya reli. Kazi yake ilikuwa kutembea juu ya mataruma, ile miti inayolazwa chini ya reli, kutoka stesheni hadi stesheni, akitazama misumari iliyolegea. Miguu yake ilikuwa na soli yake yenyewe. Nilimkasirikia wifi kwa kunitia aibu mbele ya watu, nikamkasirikia wiki nzima, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba alikuwa amesema kweli.

Baada ya matanga kila mtu alirudi kwake. Kijana wa kwanza alirudi Lubumbashi, binti yangu Kigoma alikoolewa, na kitinda mimba wangu Moba, ambako anafundisha. Nilibaki katika nyumba ile ndefu ya reli, na nguo nyeusi za mwaka mzima. Nasema wazi: nilikuwa mpweke. Watu hudhani upweke ni ukimya. Kwangu ulikuwa sufuria. Mkono wangu ulikataa kujifunza kupika bugali wa mtu mmoja, na kila jioni nilibaki na bonge ambalo hata kuku wa jirani walianza kulidharau. Watoto walipiga simu. “Mama, uko bien?” Nilijibu kwamba niko. Baada ya hapo tulizungumzia mvua.

Wifi ndiye aliyepanga siku ya kutoa kilio, siku ambayo mjane anavua nyeusi na ukoo unakula pamoja. Watoto wote watatu walisema watakuja. Sentensi hiyo niliwahi kuisikia, kwa Noeli moja na kwa harusi moja, na kila mara boti au mkubwa wa kazi alikuwa na maoni tofauti. Lakini safari hii niliiamini, maana hakuna mtoto anayekosa kutoa kilio cha baba yake. Nikaiamini pia kwa sababu nyingine: sikuona ni jambo gani lingine lingewaleta tena wote kwa pamoja nikiwa bado natembea.

Niliposema nataka kununua kamera, binti yangu alicheka kwenye simu. “Mama, kila muntu iko na simu sasa.” Nilimwambia ni kweli, na kila muntu aliondoka na simu yake. Picha za mazishi zote zilikwenda Lubumbashi, Kigoma na Moba. Mimi niliachiwa ile ya kijivu. Simu yangu mwenyewe inapiga picha kana kwamba imetazama kupitia uji. Nilitaka kamera yenye kadi yake, nitoe kadi, niipeleke studio, picha itoke kwenye karatasi, nipige msumari ukutani.

Karibu na soko kuna duka la mzee mmoja wa zile familia za Waislamu waliofanya biashara ya ziwa tangu enzi za mababu zao. Ndugu zake wako Kigoma na Ujiji, na kila boti inamletea kitu: redio, pasi, saa, na mara moja moja kamera ambazo wenyewe wa kwanza wamezichoka. Siku niliyokwenda alikuwa nazo mbili. Akatandika kitambaa safi mezani kabla ya kuzitoa.

“Karibu, Mama. Unatafuta apareye ya kazi gani?”

“Ya kusafiri nayo. Na ya familia. Isiwe nzito.”

Ya kwanza ilikuwa nyeusi, bapa, nyembamba kuliko kipande cha sabuni. Niliipima kiganjani, nikaitia mkobani, nikatembea nayo kutoka mlangoni mpaka kwenye redio na kurudi. Sikuisikia. Nilipoitazamia, niliona duka zima: rafu mbili za pembeni, dari, mzee mwenyewe na kofia yake, mpaka ndala zake chini ya meza, na huku nimesimama karibu naye kiasi cha kumpa mkono. Haivuti vitu vya mbali, alisema. Jicho lake lilikuwa limewekwa hivyo hivyo, pana.

Ya pili ilikuwa ya rangi ya fedha, nzito kidogo lakini bado ya mkobani. Ukiiwasha, mdomo wake unatoka nje kama kichwa cha kobe. Mzee alinionyesha kitufe, akanigeuza uso uelekee ziwa. Nilibonyeza. Mwanamke aliyekuwa kule ufukweni akianika ndagala, ambaye kwa macho yangu alikuwa doa la kitenge, alikuja. Alikuja mpaka nikaona anavyosogeza midomo. Alikuwa anaimba, au anagombana na mtu. Nilinyanyua macho, akarudi kuwa doa. Nikatazama tena, akarudi.

Sijui mzee alisubiri muda gani. Mwishowe akakohoa kwa adabu.

“Mama, familia iko kubwa?”

“Kubwa sana,” nilisema. “Nyumba inajaa mupaka mulangoni.”

Kwa nini nilimdanganya? Nilikuwa nimevaa nyeusi, yeye si kipofu. Lakini kuna swali ambalo mtu hawezi kulijibu dukani amesimama, na hilo lilikuwa mojawapo.

“Basi chukua hii nyeusi. Inaona fasi kubwa, watu wa karibu wote wanaingia. Hii ingine ni ya kuvuta walio mbali. Wa karibu itawakata. Ninakuambia mbele, usirudi kugombana na mimi.”

“Rangi nyeusi imenichosha, Papa,” nilimwambia.

Akatazama kilemba changu cheusi, akaisogeza kando ile kamera. Alikuwa amenishauri kwa haki, kwa familia niliyomtajia. Hakujua kwamba nilikuwa nanunua kwa ajili ya familia niliyo nayo, na hao wote walikuwa mbali. Nilichukua ile ya kobe. Alinifundisha kuichaji, akanionyesha pia kitaa chekundu kinachopepesa kabla kamera haijajipiga yenyewe, ili mwenye kamera apate kukimbia akasimame na wenzake. Nilimsikiliza kwa sikio moja. Mtu wa umri wangu anakimbilia nini?

Ile miezi kabla ya siku yetu nilijifunza. Karibu na bandari mlinzi alinifukuza, akisema foto ni marufuku pale; nilimwambia napiga maji, akasema hata maji ni ya serikali. Basi nikapanda kidogo juu, penye nyasi, nikawa naketi na kuvuta boti zinazotoka. Nilizifuata mpaka zikawa ndogo, na zilipokuwa ndogo nilizivuta tena, nikapata dakika chache zaidi na watu nisiowajua. Niliwaona wakifungua chakula. Niliona mama anamfuta mtoto pua. Siku zile nilijisifu kwamba nimechagua vizuri. Nilikuwa na kamera nyepesi, na jioni hazikuwa ndefu kama zamani.

Na walikuja. Wote. Binti yangu kwa boti na watoto wake wawili, kitinda mimba kutoka Moba na mkewe, kijana wa kwanza kwa ndege, amenenepa, anatembea kama baba yake. Wifi alifika na magunia. Asubuhi ya siku yenyewe alinipeleka nyuma ya nyumba, akanimwagia maji, akanivua nyeusi kwa mikono yake, akanivalisha kitenge kile kile ambacho ukoo wote ulishonewa, cha kijani chenye ndege. Alinifunga kilemba akakivuta mpaka nyusi zikapanda. “Sasa uko muntu,” alisema. Nililia, naye akaniambia nisiharibu kilemba.

Tulikula samaki wa mikebuka na mboga ya sombe, sufuria zikarudi tupu. Nilitazama sufuria tupu kwa furaha ambayo siwezi kuieleza kwa mtu asiyeishi peke yake. Simu zilipiga picha huku na huku, vichwa vimebanana, ndimi nje. Niliziacha. Nilijua: simu zitapiga, na simu zitaondoka. Boti ya Kigoma ilikuwa inatoka jioni ile ile, ya Moba alfajiri. Alasiri nilikwenda chumbani nikaleta mkoba wangu.

“Mukae pamoja,” nilisema. “Sasa ninapiga yangu.”

Walikaa sebuleni, kwenye makochi. Niliwasha, kobe akatoa kichwa, nikatazama. Niliona bega la kijana wa kwanza na nusu ya binti yangu. Nilirudi nyuma mpaka ukutani. Nikapata mabega mawili na sikio.

“Na miguu?” wifi aliuliza. “Miguu inaonekana?”

Miguu! Hata vichwa havikuenea. Nikawaomba watoke barazani, nami nikashuka ngazi. Wakajipanga, wakubwa nyuma, watoto mbele, na katikati wakaniachia nafasi yangu. Nilitazama: wakatokea watatu. Nikarudi nyuma mpaka kwenye kamba ya nguo. Wakatokea wanne, wamekatwa magotini. “Miguu!” wifi alipiga kelele. Nikapita chini ya kamba, nikaupita mpapai, nikarudi nyuma mpaka langoni, na bado wajukuu wa kando walikuwa nje. Hapo ndipo nilipomkumbuka yule mzee na kitambaa chake safi. Kamera yangu haikujua kufanya kazi na watu walio karibu. Kila niliyempenda aliingia ndani yake kwa sharti kwamba mimi niende mbali naye.

Jirani aliona tabu yangu, akaomba ashike yeye. Nilimpa, nikarudi kwa furaha, nikasimama penye nafasi yangu, nikanyoosha kitenge. Alisimama langoni akapiga. Tulipoitazama, alikuwa ametukata wote kiunoni, na kidole chake kimekaa pembeni kama mgeni wa heshima. Wifi alishika kichwa.

“Karte ya kura tena! Tunaenda kuandikisha nini? Ndugu yangu walimuweka bila miguu, na sisi pia?”

Jirani alirudisha kamera haraka, akakumbuka kwamba ameacha kitu motoni. Wakati huohuo pikipiki za kupeleka mizigo bandarini zikasimama mbele ya lango, na mkwe wangu akapiga simu kutoka Kigoma akiuliza kama mkewe ameshapanda. Binti yangu alinitazama. “Mama, tuache tu? Tutapiga siku ingine.”

“Hapana,” nilisema, na sauti ilitoka kali kuliko nilivyokusudia. “Kaeni hapo hapo. Musisogee.”

Nikavuka barabara. Kule ng'ambo kuna ukuta mfupi wa matofali, unaonifika kifuani. Nikaiweka kamera juu yake, nikaiegemeza kwa jiwe, nikainama kuitazamia. Na kule, nyuma ya barabara, ya lango, ya mpapai, ya kamba ya nguo, walikuwepo. Wote. Kijani chote, ndege wote, na viatu vyao vyote vimepangwa ukingoni mwa baraza. Katikati palikuwa na pengo la upana wangu. Baiskeli ikapita, nikangoja. Mama mmoja akapita na beseni la mihogo, akasimama kutazama kuna nini, nikamsihi asogee. Kisha nikabonyeza, kitaa chekundu kikaanza kupepesa.

Nilikimbia. Mara ya mwisho nilikuwa nimekimbia lini, sikumbuki. Kitenge kilinibana magoti, nikakipandisha. Ndala ya kulia ilibaki katikati ya barabara, nikaiacha. Nyuma yangu kamera ilikuwa inalia pi, pi, pi, ikiharakisha, na mbele yangu wote walikuwa wanapiga makelele pamoja, “Mama, kimbia! Kimbia, Mama!” na wifi juu yao wote, “Acha goti! Kuja!” Kijana wangu wa kwanza alinyoosha mikono yote miwili. Nilipita pikipiki. Nilipita pikipiki. Nilikuwa bado chini ya mpapai, mlio wa kamera ukanyamaza.

Nilifika. Walinipokea kwa kicheko, wakanishika huku na huku ili nisianguke, nikakaa penye pengo langu, nikihema. Wote tulitazama mbele, tukatabasamu, tukangoja. Lakini hakuna kilichopiga tena. Honi ya pikipiki ililia, watoto wakaanza kutafuta mifuko, na ndani ya muda mfupi baraza lilikuwa tupu.

Niliwasindikiza bandarini. Boti ilipotoka nilipanda kwenye nyasi zangu, nikatoa kamera. Kwa kazi hiyo haikunikosea. Nilimvuta binti yangu na kitenge chake cha kijani, nikamwona anamfunga mtoto kanga, nikamwona anatafuta kwa macho mahali nilipo na asinione. Nilimshikilia mpaka giza likaja kumchukua. Alfajiri walikwenda wa Moba, kesho yake wa Lubumbashi, na wifi akapanda treni na magunia matupu. Usafi wa sufuria nilizoachiwa ulinichukiza.

Ndipo nikaitazama ile picha. Ilipigwa vizuri, mtu hawezi kuisema. Wote wamo, na miguu yote imo. Hakuna hata mmoja anayetazama kamera. Wametazama mahali pamoja, midomo wazi, mikono mbele, na pale wanapotazama kuna mwanamke wa kitenge cha kijani ametoa mgongo, kilemba kimekwenda upande, mguu mmoja una ndala na mwingine umenyanyuka, unyayo unaonekana wote, mweupe kwa vumbi. Uso hana. Kati yake na wao kuna kamba ya nguo na kipande cha uwanja.

Studio waliitoa kwa karatasi kubwa, wakaniuliza kama nina uhakika. Nikapiga picha ya hiyo karatasi kwa simu yangu ya uji, nikawatumia watoto. Binti yangu alipiga simu.

“Mama, hauonekane! Ifute hiyo, tutapiga ingine.”

“Lini?”

Nilisikia watoto wake nyuma, wanagombea kitu. Nilisikia naye anawaza.

“Tutaona, Mama,” alisema. “Huko kwenu mvua imeanza?”

Wifi hakunyamaza. Yeye alipiga siku mbili baadaye, baada ya mtu kumwonyesha kwa simu yake huko Kabalo, na hakunisalimia hata.

“Nimeona. Miguu yote iko. Ata yako, moja haina kiatu. Sasa hii njo foto.”

“Siku yangu ikifika,” nilimwambia, “muweke hiyo.”

“Bila uso?”

“Bila uso. Wenye kunijua watanijua.”

Akasema sawa, atawaambia, na kwamba mimi nile vizuri.

Nimeitundika sebuleni, mbele ya kiti changu, na ile ya kijivu ya mume wangu kando yake. Jioni nikiweka sahani mezani, bugali ukiwa mwingi kama kawaida, mimi na yule mwanamke tunatazamana, yaani mimi ninautazama mgongo wake. Kila jioni anakimbia, na kila jioni wanamnyooshea mikono. Natamani kunyanyuka nimsukume kidogo, pale chini ya mabega, afike.